Tillie Wertz na Chupa Arobaini za Sasaparila

Tillie Wertz alipofariki, gazeti la wilaya lilimwandikia mistari mitano, na katika mistari hiyo mitano walikosea mara moja tu, lakini walikosea pale penyewe. Waliandika kwamba marehemu aliuza bia ya mizizi kwenye makambi ya kanisa kwa miaka thelathini na mmoja. Bia ya mizizi! Nilisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Angekuwa hai angefunga kitambaa kichwani na kutembea maili nne mpaka ofisi ya gazeti, na yule kijana aliyeandika angeingia chini ya meza. Kwa kuwa yeye hawezi tena kutembea, naandika mimi. Nilikaa nyumba ya tatu kutoka kwake tangu nilipoolewa, na yaliyotokea kiangazi cha mwaka thelathini na sita niliyaona kwa macho yangu, nikiwa na uma mkononi.

Kwanza tuweke sawa hili jambo la vinywaji, kwa sababu watu wa siku hizi wanakunywa kitu cheusi chenye mapovu kutoka kwenye kopo na hawajui wamekunywa nini.

Bia ya mizizi ni mzizi wa sasafrasi, ule mti unaoota wenyewe kando ya kila uzio wetu bila kuombwa. Unauchimba majira ya kuchipua, kabla majani hayajatoka, unauchemsha, unatia sukari nyingi, molasi kidogo, ule uji mweusi wa miwa, na yale majani madogo ya msituni yanayonukia kama dawa ya kuchua magoti. Ikikomaa inakuwa tamu na laini, na povu lake ni zito. Linakaa kwenye masharubu ya mwanamume mpaka mkewe amwambie ajifute. Ni kinywaji cha mtu asiyetaka matata. Mtoto anakipenda, bibi asiye na meno anakipenda, ukimpa ndama atakipenda pia.

Sasaparila ni kitu kingine. Mzizi wake ni mrefu, mwembamba na mkavu, unatoka nchi za joto huko kusini, na unafika kwa muuza dawa wa mjini umefungwa vitita kama kamba za kufungia ng'ombe. Ukiuchemsha peke yake utakunywa maji ya kamba. Kwa hiyo Tillie naye alitia sasafrasi, na yeyote anayekwambia sasaparila yake haina sasafrasi anakudanganya mchana kweupe. Lakini alitia kidogo, na sukari kidogo, akaacha ule uchungu ukae nyuma ya ulimi. Povu lake linapanda kwa fujo na kuzimika upesi. Kinakuingia kitamu, halafu kinageuka na kukuuliza unajiona nani. Wazee walisema kinasafisha damu. Wanaume fulani, ambao siwataji kwa kuwa wajukuu wao wanaimba kwaya, walikinunua kwa ajili ya maradhi ambayo hawakuweza kumwambia daktari, maana daktari alikuwa shemeji yao. Tillie aliwauzia bila kuuliza. Aliwaambia tu, "Mbili kwa siku, na usiku ulale kwako."

Basi huyo ndiye Tillie. Alizaliwa mtoto wa saba katika nyumba ya mchimba mawe, akaingia kiwanda cha soksi akiwa na miaka kumi na minne, na kwa miaka tisa alishona vidole vya soksi za watu asiowajua. Vidole tu. Aliniambia siku moja kwamba alipoolewa aliangalia miguu ya mumewe kwa mara ya kwanza na kitu alichofikiria ni mshono. Mumewe aliitwa Irvin Wertz. Irvin alianguka machimboni mwaka wa pili wa ndoa akaumia mgongo, na tangu hapo mgongo huo haukumruhusu kufanya kazi yoyote isipokuwa kuvua samaki. Watoto hawakupata. Mwaka mzima Tillie aliosha nguo za watu, akapika, akamkanda Irvin mgongo, akasikiliza habari za samaki aliyekaribia kunaswa.

Lakini kila Julai kulikuwa na makambi. Siku kumi pale kwenye msitu wa mialoni, familia nzima nzima kwenye vile vibanda vya mbao, mahubiri mara tatu kwa siku, na kibanda kimoja tu cha vinywaji. Kimoja, kwa amri ya wazee wa kanisa, maana waliona viwili vingeleta tamaa. Kibanda hicho kilikuwa cha Tillie tangu mwaka ishirini na mbili. Ukimwona pale usingemjua. Alisimama nyuma ya ubao akiwa na kizibuo mkononi kama hakimu. Watu walimjia na kiu na siri zao. Alijua nani anamchumbia nani, nani amegombana na nani, nani ameokoka kwa mara ya nne. Hakuna aliyemwita mke wa Irvin. Walisema, "Tillie, mbili," naye akawapa mbili, pamoja na maoni yake.

Sasa, mwezi wa sita mwaka huo wa thelathini na sita, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, Phares Gehman, alifika barazani kwa Tillie akiwa amevaa koti la kanisani siku ya Jumanne. Mimi nilikuwa pale namenya mbaazi. Tulijua tu kwamba koti hilo halikuleta heri.

"Dada Tillie," akaanza, "vijana wanalalamika. Wanasema kinywaji chako kichungu."

"Na mahubiri yako je, Ndugu Phares? Wanayasemaje?"

Mzee Gehman akakohoa. "Ndugu Enos Zerbe ameomba kibanda. Yeye anatengeneza bia ya mizizi. Ni tamu."

"Enos ni binamu yako."

"Hilo halihusiani."

"Halihusiani kabisa," Tillie akasema, akachukua mbaazi mikononi mwangu akaanza kuzimenya yeye, kwa nguvu, zikawa zinaruka mpaka kwenye buti za mzee.

Enos Zerbe alikaa nyumba ya jirani kabisa. Fundi viatu, mgane, mtu mrefu mwenye masharubu kama ufagio mpya. Nitasema haki yake: bia yake ya mizizi ilikuwa nzuri. Niliinywa kwa siri mara nyingi. Kati ya ua wake na wa Tillie palikuwa na mteremko, na chini ya mteremko kibanda cha mawe juu ya chemchemi, ambacho nyumba zote mbili zilitumia kupozea maziwa na siagi. Rafu za kushoto za Wertz, za kulia za Zerbe. Ukishuka kwenda pale, baraza zote mbili zinakuona kama uko jukwaani.

Wazee wakaamua hivi: Jumatatu ya kufungua makambi, saa sita mchana, Tillie alete chupa arobaini na Enos arobaini. Wazee wataonja. Atakayependeza atapata kibanda, mwaka huo na miaka yote inayofuata. Mwingine akae na wasikilizaji.

Chupa hizo si jambo la kuamka asubuhi na kuzijaza. Unapika, unapoza, unatia hamira, unajaza, unatumbukiza zabibu kavu moja katika kila chupa, unafunga kizibo kwa uzi. Halafu unaziweka mahali pa joto na kusubiri. Zabibu ikilala chini, bado. Zabibu ikipanda juu, tayari, na hapo usisubiri hata saa mbili: unazikimbiza kwenye maji ya baridi, maana hamira haijui kuacha. Itaendelea kupuliza mpaka chupa ishindwe. Kwa kawaida ni siku nne. Kwa hiyo wote wawili walijaza Alhamisi jioni, wakiwa wamehesabu zabibu zipande Jumatatu alfajiri.

Walichosahau kukihesabu ni joto. Mliokuwepo mwaka huo mnakumbuka. Kuku walilala chini wakiwa wamefungua mbawa. Lami ya barabarani ilishika viatu, na Enos akapata kazi.

Jumamosi niliwasikia wakisalimiana juu ya uzio.

"Enos! Hiyo harufu ni bia yako au umechemsha kiatu cha mteja?"

"Afadhali kiatu, Tillie. Chako kinanuka kama kabati la dawa la marehemu mama yangu."

"Mama yako aliishi miaka tisini na miwili."

"Kwa hasira tu."

"Basi kunywa, nawe uishi."

Jumapili ilikuwa zamu ya Tillie kumlisha mchungaji. Mchungaji Dundore alikuwa mtu mwema, mnene, aliyejua zamu ya kila nyumba na pai ya kila nyumba. Tulialikwa pia mimi na mume wangu Wilmer. Chakula chote kilikuwa kimepikwa Jumamosi, kama ilivyokuwa desturi yetu: kuku, viazi, achari, na pai mbili za molasi. Siku ya Bwana kwetu hakuna aliyebeba kitu kizito kuliko Biblia na sahani. Si utani. Mama mkwe wa Tillie, yaani mama yake Irvin, aliwahi kusimamishwa mbele ya kanisa kwa kung'oa vitunguu Jumapili, vitunguu vitatu tu, tena alikuwa na wageni. Na kanuni ya makambi ilikuwa imeandikwa na kubandikwa mlangoni: anayevunja Siku ya Bwana hapewi huduma yoyote kambini. Hapigi kengele, hapiti na sahani ya sadaka, hauzi kitu.

Tulikuwa tumekwisha kusali, Tillie akaenda jiko la nje, alikokuwa ameweka zile chupa zake, kuchukua achari. Alirudi bila achari. Uso ulikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. Akaniinamia sikioni.

"Verna, zabibu zimepanda."

"Zote?"

"Thelathini na sita. Nne zinafikiria."

Nikatazama nje kwa dirisha. Enos Zerbe alikuwa ameketi barazani kwake na koti lake jeusi la kanisani, vifungo vyote vimefungwa, katika joto lile, mikono juu ya magoti. Hakuwa anasoma wala kusinzia. Alikuwa anatutazama sisi. Nikaelewa mara moja kwamba na zake zimepanda. Alikuwa ameketi pale kungoja aone Tillie akishuka na chupa ili akaseme, na alijua kwamba yeye mwenyewe akishuka, Tillie atasema. Kwa hiyo ameketi. Na Tillie naye akaketi, mahali ambapo aliweza kumwona. Hivyo ndivyo watu wawili wazima, wenye akili, walivyokaa wakilindana huku nyuma yao chupa themanini zinavimba.

Mchungaji alijipakulia kuku. Tillie akamsogezea viazi.

"Mchungaji," akasema, "ng'ombe akitumbukia kisimani Siku ya Bwana, anatolewa?"

"Anatolewa, Dada Tillie. Bwana wetu alisema wazi."

"Na kama si ng'ombe?"

"Punda pia."

"Na kama si punda?"

Mchungaji akaacha kutafuna. "Mna mnyama gani kisimani?"

"Bado hajatumbukia," Irvin akasema. "Anataka kupasuka."

Tillie akamkanyaga chini ya meza, nilisikia.

Mlio wa kwanza ulitoka upande wa Enos. Pa! Kama bunduki.

"Kuna mtu anawinda Jumapili?" Mchungaji akauliza kwa huzuni.

Pa! Pa! Enos hakusogea. Nilimwona kwa dirisha, masharubu tu yalitikisika. Kila mlio alifumba macho, kisha akayafungua na kuendelea kututazama. Wilmer wangu, ambaye kwa mwaka mzima wa ndoa alikuwa hajanichekesha, akasema polepole, "Ndugu Enos anafyatuliwa na nyumba yake mwenyewe." Nikajifuta uso na kitambaa ili mchungaji asinione.

Kisha ikapasuka moja ya kwetu. Mlio wake ulikuwa tofauti, mkali zaidi, na baada yake tukasikia vigae vya chupa vikishuka kwenye sufuria kama mvua ya mawe. Tillie akasimama.

"Kaa chini," Irvin akasema. "Yule anatuona. Ukishuka, kibanda kimekwenda."

"Nisiposhuka, chupa zimekwenda na kibanda kimekwenda."

"Basi kaa ule. Angalau zake pia zinakwenda. Wazee watapanga siku nyingine."

"Wazee watamwachia Phares ampe binamu yake kibanda, na hataonja mtu." Akafungua kabati akatoa aproni, akaivaa juu ya gauni la kanisani. Alikuwa hatazami mtu yeyote ila Irvin. "Sikiliza, Irvin. Siku mia tatu na hamsini na tano mimi ni mke wa mgongo wako. Sijalalamika. Siku kumi ndizo zangu. Sitakaa hapa nisikilize zikipasuka moja moja kwa sababu ya macho ya fundi viatu."

Mchungaji Dundore alitazama sahani yake kama mtu aliyeona maandiko pale.

Tillie akatoka. Aliweka chupa tano tano ndani ya ndoo, akazifunika taulo lililolowa, maana chupa ya namna hiyo ikikupasukia mkononi unabaki na vidole vya kuhesabu upesi. Akashuka mteremko mzima, jua la saa saba likimwangaza, hatua kwa hatua kama mtu aliyebeba mayai. Mimi nilisimama nikamsaidie. Wilmer akanishika sketi. Sikumpiga kofi, nikakaa. Miaka hii yote imepita na bado nina aibu kwamba nilikaa.

Alipofika katikati ya mteremko Enos akasimama.

"Tillie Wertz! Leo ni Jumapili!"

"Najua, Enos. Niliimba asubuhi nyuma yako. Ulikosea ubeti wa tatu."

"Nitasema!"

"Sema! Lakini pandisha sauti, bia yako inakuzidi."

Na kweli, pa! nyuma yake, halafu mbili kwa pamoja. Tillie akaingia kwenye kibanda cha mawe, akatoka na ndoo tupu, akasimama chini ya baraza ya Enos, mkono kiunoni.

"Nikubebee na zako? Mimi nimeshachafuka, ndoo nane au kumi na sita ni dhambi ileile."

Nilimwona Enos akimeza mate. Alitazama nyuma kwenye mlango wake, akamtazama Tillie, akatazama dirisha letu alikokuwa mchungaji.

"Usiguse," akasema. Lakini alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekataa kipande cha pai huku ana njaa.

Safari nane. Chupa thelathini na tisa zikafika kwenye maji. Aliporudi mezani akamkatia mchungaji pai. Mchungaji alikula. Upande wa pili milio iliendelea mpaka karibu saa kumi, kisha ikakoma.

Jumatatu saa sita wazee watano walikaa kwenye benchi mbele ya kibanda cha vinywaji, chini ya mialoni, wote wakitoa jasho. Ibada ya kwanza ilikuwa bado inaendelea kwenye hema kubwa la mahubiri na tulisikia wimbo. Tillie alisimama na chupa zake thelathini na tisa kwenye beseni la barafu. Enos alisimama na chupa mbili. Mbili tu ndizo zilizobaki, na koti lake lilikuwa na madoa ya kahawia mpaka kwenye kola, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuuliza.

Mzee Gehman, ambaye habari za jana zilikuwa zimekwisha kumfikia, akasoma ile kanuni ya mlangoni yote, ingawa tuliijua. Kisha, "Ndugu Mchungaji, ulikuwepo. Ulimwona Dada Tillie akibeba chupa Siku ya Bwana?"

"Nilimwona," Mchungaji Dundore akasema.

"Mbona hukumzuia?"

"Mdomo ulikuwa umejaa, Ndugu Phares."

Mtu akacheka nyuma, nadhani nilikuwa mimi. Mzee Gehman akageuka. "Dada Tillie, una la kusema?"

"Nilizibeba. Zilikuwa nzito. Ningezibeba tena." Mimi niliyemjua nilijua anajizuia kulia mbele ya wanaume watano waliovaa suspenda, zile kanda za mabegani za kushikilia suruali. "Semeni mnalosema, nirudi nyumbani."

"Basi," Gehman akasema, na hakuficha vizuri furaha yake, "kwa kuwa Ndugu Enos aliitunza Siku ya Bwana kwa hasara kubwa, na ana maarifa ya kutengeneza nyingine kabla ya Ijumaa, kibanda ni chake. Ndugu Enos?"

Enos alikuwa ameshika chupa zake mbili, moja kila mkono, kama mtu aliyeachiwa mapacha. Wimbo hemani ukaisha, ukaanza mwingine.

"Sikuitunza," akasema.

"Umesemaje?"

"Siku ya Bwana. Sikuitunza, Phares. Niliketi barazani toka saa sita mpaka saa kumi nikiomba za Tillie zipasuke. Niliomba moja moja. Ile ya kwanza ilipopasuka nilisema amina." Akafuta jasho kwa bega. "Kazi niliyoifanya jana moyoni mwangu, farasi wawili wasingeiweza. Yeye alibeba chupa tu. Tena alitaka kunibebea na zangu."

Mzee Gehman akatazama wenzake. Wenzake wakatazama beseni la barafu. Lilikuwa joto la kuua, nisisahau kusema hivyo, na zile chupa zilikuwa zinatoka jasho kama wao. Mzee mmoja, Ndugu Oscar Fenstermacher, ambaye alikuwa kiziwi kidogo na hakuwa amefuata kesi yote, akauliza kwa sauti, "Kwani tunaonja lini?"

Wakaonja. Walianza na ya Enos. Kizibo hakikusubiri kuzibuliwa. Kiliruka kikapita juu ya sikio la Gehman, na nusu ya chupa ikamwingia ndevuni. Akaonja iliyobaki. Akaonja tena. Siku moja zaidi kwenye joto lile na hamira ilikuwa imefanya kazi yake yote. Hiyo haikuwa tena kinywaji cha kanisa. Ilikuwa bia, bia ya watu wazima. Mzee Gehman aliionja mara ya tatu ili kuwa na hakika, na mara ya nne kwa niaba ya Fenstermacher, kisha akasema kwa masikitiko kwamba haifai kambini, na chupa ya pili akaiweka chini ya benchi, karibu na mguu wake.

Halafu sasaparila. Tillie alizibua tano, akawapa, akakunja mikono. Walikunywa. Niliona ule utamu ukiwafika, nyuso zikilegea, na kisha niliona ule uchungu ukigeuka ndani yao, mmoja baada ya mwingine, benchi zima.

"Kina ukali," Gehman akasema.

"Ndiyo."

"Kinashika hapa." Akajigusa koo.

"Ndipo kinapotakiwa kushika."

"Vijana hawatakipenda."

"Vijana watakua."

Fenstermacher alikwisha maliza na alikuwa ananyoosha chupa tupu kuomba nyingine. Nadhani hicho ndicho kilichoamua, si haki wala maandiko. Gehman akainamiana na wenzake, wakanong'ona, akakaa wima.

"Kibanda kinabaki kwa Dada Tillie. Lakini dhambi ni dhambi. Kesho asubuhi utasimama mbele ya mkutano na kuungama."

"Nitasimama. Saa ngapi? Maana saa nne ninakuwa na foleni."

"Saa tatu, basi," Gehman akasema, akiwa amechoka. "Saa tatu na nusu uwe umemaliza."

Wimbo wa mwisho ukaisha na hema likafunguka. Watu walitoka kama ng'ombe waliosikia maji, mia mbili na zaidi, wamelegea, vitambaa shingoni, na wote walikuwa wanakuja upande wetu. Tillie alitazama umati ule na beseni lake lenye chupa thelathini na nne. Akajifuta macho haraka kwa kona ya aproni, akaingia nyuma ya ubao, akachukua kizibuo. Enos alikuwa bado amesimama palepale na koti lake la madoa.

"Enos," akasema, "usisimame kama kigingi. Ingia huku ufungue chupa."

"Mimi? Hiki kinywaji chako sikipendi."

"Sikukwambia unywe. Nimekwambia ufungue."

Akaingia. Akainamisha kichwa chini ya paa, akavua koti, akakunja mikono ya shati, na yule wa kwanza kwenye foleni akaweka senti tano ubaoni na kusema, "Tillie, mbili."